Gift Ngoepe: Miaka minane ngazini, mechi 41 kileleni

MPENZI wa kandanda humu nchini anaelewa vyema maana ya kupanda daraja. Klabu ikifanya vizuri katika ligi ya chini, hupanda pamoja na wachezaji wake. Ikivurunda, huteremka nao. Katika besiboli ya Marekani mambo ni kinyume. Klabu za daraja la chini hubaki pale pale msimu baada ya msimu, na anayepanda au kushuka ni mchezaji, peke yake, akiwa na mkoba wake begani.

Utaratibu huo unadhihirika wazi katika kisa cha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa barani Afrika kucheza katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Alipoingia uwanjani Aprili 26, 2017, ilikuwa imepita zaidi ya miaka minane tangu atie saini mkataba wake wa kwanza.

Ngoepe alizaliwa mwaka 1990 katika mji unaoitwa sasa Polokwane. Mamake aliajiriwa katika klabu ya besiboli ya Randburg Mets, karibu na Johannesburg, na familia ikaishi katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu hiyo. Kwa hivyo mtoto alikua uwanja ukiwa mlangoni pake. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 18, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka Afrika Kusini kupata mkataba na klabu ya Ligi Kuu.

Hata hivyo, kusajiliwa si kuchezeshwa. Kila mojawapo ya klabu 30 za Ligi Kuu huwa na timu tanzu zilizopangwa kama vidato vya ngazi. Mgeni huanzia ligi ya wanagenzi, kisha hupitia madaraja kadhaa hadi Double-A na Triple-A, kidato cha mwisho kabla ya kilele. Mnamo 2017 klabu moja iliruhusiwa wachezaji 25 kikosini kwa sehemu kubwa ya msimu, yaani nafasi 750 kwa jumla. Waliozigombea kutoka chini walikuwa maelfu.

Ngoepe alikanyaga kila kidato. Alianza Florida mwaka 2009, akaenda State College jimboni Pennsylvania mwaka 2010, West Virginia mwaka 2011, na kurejea Florida mwaka 2012 kuichezea Bradenton. Mwaka 2013 alipandishwa hadi Altoona, timu ya Double-A, lakini akatatizika, akateremshwa tena Bradenton. Mwaka huo huo mamake alifariki. Alifika Indianapolis, timu ya Triple-A, mwaka 2015.

Kilichomchelewesha ni nini? Aliyewahi kutazama kriketi ataelewa. Katika besiboli mrushaji huvurumisha mpira, naye mpigaji huugonga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba, umbali wa mita 27 hivi kutoka kimoja hadi kingine. Ngoepe alikuwa mlinzi wa eneo hilo la vituo, hasa pale kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali panapohitaji miguu myepesi, mikono ya hakika na mrusho wenye nguvu. Kwa kazi hiyo alisifika tangu mwanzo.

Udhaifu wake ulikuwa gongo. Mpira wa mrushaji hodari huzidi kasi ya kilomita 145 kwa saa kutoka umbali wa mita 18 tu, na mpigaji ana muda usiotimia nusu sekunde kuamua na kupiga. Anayefaulu mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa bingwa. Kila kidato anachopanda mchezaji, warushaji huwa wajanja zaidi, na kasoro iliyofichika chini hufichuka juu. Ngoepe alizoea kupiga kutoka pande zote mbili, kulia na kushoto. Hatimaye aliacha upande wa kushoto, akaelekeza nguvu zake kwa mmoja.

Gharama ya kungoja haikuwa ya moyo pekee. Katika miaka hiyo wachezaji wa madaraja ya chini walilipwa wakati wa msimu tu, na wengi walitafuta vibarua ligi zilipofungwa. Chini ya makubaliano ya kwanza ya chama chao, ya mwaka 2023, kiwango cha chini cha mshahara katika Triple-A kilipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Linganisha na Ligi Kuu, ambako kiwango cha chini mwaka 2017 kilikuwa dola 535,000. Pengo la kidato kimoja liliweza kubadili maisha ya ukoo mzima.

Siku ilipowadia, Pirates walikuwa wakicheza na Chicago Cubs, mabingwa watetezi. Ngoepe aliingizwa mchezo ukiendelea, na mara yake ya kwanza kushika gongo akampiga mrushaji nyota Jon Lester mpira uliomfikisha salama kwenye kituo cha kwanza. Pirates walishinda 6-5. Mamake hakuwepo kushuhudia.

Ngoepe alicheza mechi 28 mwaka huo, na nyingine 13 akiwa na Toronto Blue Jays mwaka 2018. Jumla ni 41, na hakurudi tena katika Ligi Kuu. Gongo lililomchelewesha njiani ndilo lililomwondoa kileleni.

Mwenye kupima kwa mizani ya hesabu atasema miaka minane kwa mechi 41 ni hasara. Lakini ngazi hiyo huwarudisha wengi nyumbani bila mechi hata moja. Isitoshe, njia ikishafyekwa haimngoji aliyeifyeka. Mwaka 2019 Tayler Scott, mrushaji aliyezaliwa Johannesburg, alicheza Ligi Kuu. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili kutoka nchi jirani ya Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Hao nao walianzia kidato cha chini kabisa. Sifa ya kuwa wa kwanza ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Lakini hawakuhitaji tena kumthibitishia yeyote kwamba Mwafrika anaweza kufika juu.