Kisu cha kukunja: bei imeandikwa kwenye chuma

JIJI la Dar es Salaam halina maonyesho ya visu. Kwenye Sabasaba, katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, visu hupatikana kwenye mabanda ya vyombo vya jikoni, vikiuzwa pamoja na sufuria na vijiko. Visu vya kukunja vya zamani, vile ambavyo Ulaya na Marekani hununuliwa kwa ajili ya kuwekwa na si kwa kukatia, havina banda wala siku yao.

Bidhaa yenyewe, hata hivyo, ipo. Dar es Salaam ilikuwa chini ya Wajerumani hadi Septemba 1916, kisha ikawa chini ya Waingereza hadi 1961, na kila mtawala alileta chuma cha kwao: Mjerumani kutoka Solingen, Mwingereza kutoka Sheffield. Visu hivyo havikuondoka vyote na wenyewe. Hubaki kwenye droo za familia, kwenye masanduku ya zana ya mafundi, na mara moja moja huibuka juu ya turubai la mchuuzi wa vitu chakavu, kati ya bisibisi na kufuli zisizo na funguo. Hapo ndipo mnunuzi mwenye macho anapopata faida, na asiye na macho anapopoteza mtaji.

Tofauti kati ya wawili hao ni maneno machache yaliyogongwa kwenye shina la ubapa, yaani pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Katika maonyesho makubwa ya visu duniani, yale yanayofanyika kila mwaka Atlanta, Marekani, au yale ya chama cha watengeneza visu cha Afrika Kusini katika kanda yetu, mnunuzi mzoefu haulizi bei kwanza. Hufungua kisu, hukigeuza kwenye mwanga na kusoma shina kwa lenzi ndogo, ileile anayotumia sonara. Bei huja baadaye. Huku kwetu utaratibu huwa kinyume: watu huanza na bei, wakakubaliana, na chuma kikasomwa nyumbani usiku, wakati fedha zimekwishatoka.

Mfano ulio karibu zaidi ni Okapi. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambulisha mwaka mmoja tu kabla. Mpini ni wa mbao, na toleo linalojulikana zaidi limepambwa kwa alama za mwezi na nyota, na lina kipete cha kuvuta ili kufungua kifungo cha ubapa. Kilikuwa kisu cha mtu wa kawaida, cha bei ya chini, na kilisambaa Afrika nzima hadi visiwa vya Karibi. Mwaka 1988 utengenezaji wa Ujerumani ulikoma. Jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na kisu kinaendelea kutengenezwa KwaZulu-Natal.

Kwa mtu anayetaka kukatia kamba ya gunia, Okapi ya Solingen na Okapi ya Afrika Kusini ni kisu kimoja. Kwa mkusanyaji ni bidhaa mbili tofauti. Ya kwanza haitengenezwi tena na idadi yake inapungua kila mwaka. Ya pili bado inatoka kiwandani kwa makasha. Kuna na ya tatu, isiyo ya huku wala kule: visu vya kuigiza vyenye mwezi na nyota zilezile lakini shina halina jina, au lina jina lililokosewa herufi. Muuzaji anayeweka vyote vitatu kwenye fungu moja kwa bei moja anamzawadia mnunuzi.

Kosa la upande wa pili ni kununua hadithi. Sifa inayopenda kutajwa ni kwamba kisu ni "cha wakati wa Mjerumani". Huenda ni kweli, lakini chuma chenyewe hutoa ushahidi, na baadhi ya ushahidi huo haubishaniwi. Kisu chenye maneno "W. Germany" hakiwezi kuwa cha kabla ya 1949, kwa sababu nchi ya jina hilo haikuwepo. Kisu cha Sheffield chenye neno "Stainless" hakiwezi kuwa cha kabla ya 1913, mwaka ambao Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu katika mji huo. "Rostfrei", ambalo ni neno la Kijerumani lenye maana hiyohiyo, likionekana kwenye kisu kinachodaiwa kuwa cha karne ya 19, mazungumzo yaishie hapo. Neno "Solingen" pekee nalo lisimtoshe mnunuzi: sheria ya Ujerumani ya kulinda jina hilo ilipitishwa 1938, na kabla ya hapo wajanja waligonga jina la mji huo kwenye vyuma ambavyo havikuwahi kufika huko.

Kwa visu vya Uswisi hesabu ni rahisi zaidi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884 na kisu chake cha maofisa kikasajiliwa 1897, lakini jina Victorinox lilianza kutumika 1921, likiwa ni muunganiko wa Victoria, jina la mama yake, na "inox", yaani chuma kisichoshika kutu. Victorinox "ya mwaka 1900" ni uongo. Mshindani wake wa miaka mingi, Wenger, alinunuliwa na Victorinox mwaka 2005, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba visu vya jina hilo vinaingizwa chini ya jina la mnunuzi. Wenger iliyo katika hali nzuri, hata isiyo kongwe, ni kisu cha jina lililofungwa. Mwenye nacho asikitoe kwa bei ya kisu kipya cha dukani.

Wamarekani ndio waliorahisisha mambo kuliko wote. Kiwanda cha Case cha Pennsylvania kilianza mwaka 1970 kugonga nukta kumi chini ya jina lake, kikaondoa nukta moja kila mwaka uliofuata, hivyo mnunuzi huhesabu tu. Visu vya Case ni adimu huku, lakini mtu aliyeagiza kontena la mitumba kutoka Marekani na kukuta kimoja kwenye mfuko wa koti ana sababu ya kuhesabu nukta kabla ya kumpa dereva.

Wawekezaji wadogo wafanye hesabu kabla ya kununua fungu zima. Tuseme mtu amenunua visu kumi kwa Sh 20,000 kila kimoja, jumla Sh 200,000. Vitatu vikithibitika kuwa vya kuigiza, vitauzika kama visu vya kawaida, labda kwa Sh 5,000 kila kimoja. Vile saba halali itabidi viuzwe kwa zaidi ya Sh 26,400 kila kimoja ili kurudisha mtaji tu, kabla ya gharama ya posta, simu na muda wa kusubiri mteja. Na mteja wa kisu cha kukusanya hapatikani kwa kupiga kelele njiani. Anaweza kuchukua miezi. Mtaji wa biashara hii usiwe fedha ya kodi ya nyumba.

Kinachosikitisha zaidi sokoni ni kisu halali kilichoharibiwa kwa nia njema. Mchuuzi anapata kisu cheusi, anakipeleka kwa mnoaji wa baiskeli au fundi wa Gerezani, kinasagwa kwenye jiwe hadi kinang'aa kama kioo, kisha anaongeza bei. Kumbe ameishusha. Jiwe limekula ubapa, limekula herufi za shina, na limeondoa ule weusi wa uzee ambao mkusanyaji huutafuta. Kutu jekundu, lenye kula chuma, litolewe kwa mafuta mepesi na kitambaa. Weusi uachwe. Mnunuzi naye afungue na kufunga kisu mara mbili tatu na kusikiliza: springi nzima hulia kwa nguvu na ubapa hukaa kimya mahali pake, ubapa unaoyumba kushoto na kulia ni wa kushusha bei.

Upo mpini mmoja ambao mfanyabiashara wa Tanzania asiuguse, hata akiletewa kwa bei ya bure. Joseph Rodgers wa Sheffield, kampuni ya alama ya nyota na msalaba, ilikuwa maarufu kwa ghala lake la pembe za ndovu, na London ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe zilizopitia Unguja katika karne ya 19. Hivyo kisu cha Rodgers chenye mpini mweupe kinaweza kuwa kimerudisha nyumbani kipande cha tembo wa huku. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioomba marufuku hiyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwenye nyara kuwa na hati yake, na kesi za nyara huweza kufikishwa mahakamani kama uhujumu uchumi. Uingereza nako sheria iliyoanza kutumika 2022 imefunga karibu biashara yote ya pembe, kwa hiyo hata mteja wa ng'ambo amekwisha. Mfupa wa ng'ombe, ambao ni halali, huonekana kwa vidoa vidogo vyeusi vya vinyweleo vyake. Pembe haina vidoa hivyo, bali mistari laini inayokatana. Asiye na uhakika aache.

Tahadhari hiyo iwafikie pia wanaopita Muscat na Nizwa kununua jambia. Majambia ya zamani ya Oman na Yemen yenye thamani kubwa kuliko yote ndiyo yenye mipini ya pembe za faru, na pembe hizo zimezuiwa katika biashara ya kimataifa tangu 1977. Yenye mipini ya mbao au fedha hayana tatizo hilo, na wahunzi wa huko bado wanayatengeneza.

Kwa wasafiri wa Dubai na Guangzhou, kisu hata kiwe kidogo namna gani kiende kwenye mzigo unaokaguliwa, kisiende mkononi. Tangu Septemba 2001 visu vingi vizuri vimeishia kwenye ndoo za walinzi wa viwanja vya ndege, na vikifika humo havirudi kwa mwenyewe.