Anayejishtukia si kwamba hajui

Mtoto wa Rubafu, kule kando ya Ziwa Victoria kaskazini mwa mji wa Bukoba, mara nyingi huingia shule ya msingi na Kihaya cha nyumbani. Anajifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Siku anapoitwa asimame asome kwa sauti, mtazame vizuri. Mkono mmoja haubanduki kwenye dawati. Anaanza vizuri tu, anajikwaa kwenye neno moja, wa nyuma wanacheka. Kuanzia hapo macho yako kitabuni lakini hasomi tena: anajisikiliza. Ukimuuliza aya ilihusu nini, hana jibu.

Huko ndiko kujishtukia. Akili ambayo ingeshughulika na kazi moja inagawanyika. Sehemu inafanya kazi, sehemu inamlinda mwenye kazi asichekwe. Mwaka 1975 wanasaikolojia Fenigstein, Scheier na Buss walitenganisha aina mbili za kujiangalia. Ipo ya ndani, mtu anapochunguza mawazo na hisia zake, na ipo ya kujitazama kwa macho ya wengine. Hii ya pili ndiyo inayomfunga mdomo mwanafunzi wetu.

Watu wazima tunakosea sana kuusoma ukimya huo. Kuna kipimo maarufu cha kujitambua: mtoto anapakwa alama usoni bila kujua, kisha anawekwa mbele ya kioo. Akiigusa alama, inahesabiwa kwamba amejitambua. Watoto wengi wa Ulaya na Marekani huigusa wakiwa kati ya miezi 18 na 24. Kipimo hicho kilipofanywa Kenya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kati ya watoto 82 wa miezi 18 hadi 72, ni wawili tu walioigusa. Wengi waliganda mbele ya kioo, kimya, wakijitazama. Je, mtoto wa miaka mitano hajijui? Watafiti wenyewe hawakusema hivyo, nami siamini. Mtoto aliyelelewa kutulia mbele ya mkubwa, tena mgeni, anaweza kuiona alama vizuri kabisa asijue tu kama ana ruhusa ya kuigusa.

Balehe huongeza uzito wa kujishtukia. Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana huishi kana kwamba ana watazamaji wake wakati wote, hata pale ambapo kila mtu ana shughuli zake. Na watu wazima hatujapona kabisa. Katika utafiti wa mwanasaikolojia Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyemwonea aibu, wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha. Walioitambua ni takriban robo.

Habari hiyo inatuliza, lakini tusimpe mtoto kama dawa. Ukimwambia "hakuna anayekuangalia" wakati darasa zima limecheka, umemdanganya, naye anajua. Isitoshe, kijijini watu wanajuana. Kicheko cha asubuhi kinaweza kufika nyumbani kabla yake. Linaloweza kubadilika ni darasa. Kicheko kizimwe palepale, bila kumfokea aliyekosea. Wanafunzi wasomeane wawili wawili kwanza, ndipo mmoja asimame mbele ya wote. Na swali likishaulizwa, mwalimu asubiri. Akidakia jibu mapema, anayejishtukia atakuwa bado anapambana na sauti yake.

Mzazi naye asimsimamishe mtoto mbele ya wageni aonyeshe Kiingereza chake.

Mwalimu, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ni mzito, mwite pembeni, mkiwa wawili, umuulize swali lilelile kwa lugha anayoimudu.