Taarifa ya Habari Ilivyoinuka Mezani: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilimwacha msomaji habari peke yake nyuma ya meza, karatasi mkononi. Hivyo ndivyo taarifa nyingi za jioni za vituo vya miji ya Marekani zilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waandishi walizunguka mjini kutwa, wakarudi kituoni na kumkabidhi yeye walichokipata. Mtazamaji hakuwajua kwa sura.

Aliyeuvuruga utaratibu huo ni Al Primo, mkuu wa habari wa kituo cha KYW, Philadelphia, mwaka 1965. Hakuanza na kamera wala mapambo ya studio. Alianza na mkataba wa chama cha watangazaji. Alipousoma akagundua kwamba waandishi walioajiriwa wangeweza kutokea hewani bila kulipwa nyongeza. Kwa mkuu yeyote wa habari, hilo lilikuwa dodo chini ya mwarobaini.

Basi aliyeufuatilia moto akawa ndiye anayeusimulia, amesimama mbele ya jengo lililoungua. Kipindi kikaitwa Eyewitness News, jina lililokwisha kutumika Cleveland kabla yake.

Mwaka 1968 Primo alihamia WABC, New York. Huko mtindo ulikomaa. Kufikia 1970 Roger Grimsby na Bill Beutel walikuwa wakiketi pamoja, mmoja akimrushia mwenzake neno la utani, kisha zamu ikaenda kwa mtu wa michezo na wa hali ya hewa. Wakosoaji walichukia: inakuwaje mtu acheke sekunde chache baada ya habari ya mauaji? Lawama hiyo ina haki yake. Lakini waliokuwa wakihesabu vicheko walisahau kutazama ni nani hasa waliokuwa wakionekana hewani. Primo aliajiri kwa makusudi waandishi weusi na wenye asili ya Puerto Rico, watu waliofanana na mji wenyewe. Mmoja wao, Geraldo Rivera, aliingia na kamera katika taasisi ya Willowbrook, Staten Island, mwaka 1972, akaonyesha watoto wenye ulemavu wa akili waliotelekezwa uchi na uchafuni.

Ukaribisho huo ulikuwa na mpaka. Mwaka 1971 Melba Tolliver, mwandishi mweusi wa WABC, alikwenda kuripoti harusi ya binti wa Rais Nixon akiwa na nywele zake za afro. Wakubwa wa kituo walimtaka azifunike. Alikataa.

Philadelphia nayo haikulala. Mwaka 1970 kituo pinzani, WFIL, kilianzisha Action News chini ya Mel Kampmann. Hapa utani haukupewa nafasi kubwa. Habari zilikuwa fupi, nyingi, za haraka, moja ikikanyaga kisigino cha nyingine.

Kasi hiyo ilikuwa bado inabanwa na filamu. Filamu ililazimika kurudishwa kituoni, kusafishwa, kukatwa na kuunganishwa, hivyo tukio la saa kumi na moja jioni halikuwa na uhakika wa kuiwahi taarifa ya saa kumi na mbili. Kamera nyepesi za elektroniki zilikiondoa kizuizi hicho. Tarehe 17 Mei 1974, wakati Tanzania Bara haina kituo hata kimoja cha televisheni, watazamaji wa Los Angeles waliona mubashara polisi wakipambana kwa risasi na SLA, kundi la siasa kali lenye silaha, mpaka nyumba waliyojificha ikateketea. Watu 6 wa kundi hilo walikufa. Picha zilitoka kwenye kamera ya kituo cha KNXT. Mwandishi aliyekuwa pale alieleza jambo asilojua litaishaje, na hapakuwa na mhariri kati yake na mtazamaji.

Vituo vingine viliujuaje mtindo huu na kuuiga mji kwa mji? Kulikuwa na washauri wa kulipwa, akiwamo Frank Magid wa jimbo la Iowa, waliopita wakiwauliza watazamaji wanampenda mtangazaji gani. Hao ni wa wiki ijayo.