Mipaka miwili ya Bahari ya Hindi na hesabu zake

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga baharini magharibi mwa Sumatra, Indonesia. Watu wapatao 227,000 katika nchi 14 walikufa au kupotea, na hasara ikakadiriwa kufikia dola bilioni 10. Tarehe 11 Aprili 2012 likaja la 8.6, kilomita 400 na ushei kutoka Banda Aceh, na baada ya saa mbili jingine la 8.2. Safari hii wimbi lililofika ufukweni halikupita sana mita moja, na waliokufa walikuwa wachache, wengi wao kwa mshtuko.

Ukubwa peke yake hauelezi pengo hilo. Kila namba moja ya kipimo ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo 9.1 inaishinda 8.6 mara 5.6 tu. Kilichotofautiana zaidi ni mwelekeo wa mwendo.

Mwaka 2004 ulivunjika mpaka mkongwe wa mabamba ya ganda la dunia, pale bamba la Hindi linapozama chini ya bamba dogo la Burma. Mabamba hayo hukaribiana kwa sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka, lakini kingo zake hukwama, na bamba la juu likapinda taratibu kama upinde unaovutwa. Lilipoachia, ufa ulipasuka urefu wa kilomita 1,300, na mahali pengine mwamba uliteleza mita 15. Kwa mwendo wa sentimita 5 kwa mwaka, hiyo ni akiba ya miaka 300. Sakafu ya bahari ilipanda mita kadhaa, na maji yote yaliyokuwa juu yake yakapanda nayo.

Mwaka 2012 sakafu iliteleza kwa ubavu, maji yakabaki karibu palepale. Tetemeko hilo ndilo kubwa kuliko yote ya aina yake yaliyowahi kupimwa, na halikutokea kwenye mpaka wa zamani, bali ndani ya bamba lenyewe, linalobeba Hindi na Australia. Upande wa Hindi umezuiwa na Himalaya, wakati upande wa Australia unaendelea kuzama chini ya Java bila kizuizi kama hicho. Bamba linavutwa huku na kukwamishwa kule, hivyo linachanika, na mpaka mpya unazaliwa. Nyufa bado zimetawanyika, wala hazijaungana kuwa mstari mmoja. Ufa mmoja uliopimwa unasogea milimita 1.7 kwa mwaka, yaani kilomita 1.7 kwa miaka milioni moja. Kwa kasi hiyo, kukusanya mwendo wa mita 20 huchukua karibu miaka 12,000. Mpaka huo mpya utahitaji mamilioni ya miaka kukomaa.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, basi, deni kubwa liko kwenye mpaka mkongwe. Katika kina cha mita 4,000 tsunami hukimbia takriban kilomita 700 kwa saa. Mwaka 2004 tetemeko lilipiga saa 10 kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu. Somalia, umbali wa kilomita 5,000 hivi, ilifikiwa baada ya saa 7, na karibu watu 300 wakafa. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Kenya, ambako habari zilitangulia wimbi na fukwe zikaondolewa watu, ilipoteza mmoja.

Mwaka 2007 India ilizindua kituo cha tahadhari mjini Hyderabad kwa rupia bilioni 1.25, kama dola milioni 30 wakati huo. Hasara ya 2004 ingetosha kujenga vituo kama hicho zaidi ya 300. Lakini kituo hutoa taarifa tu, hakimtoi mtu majini. Saa 7 ni muda wa kutosha kabisa, mradi simu ya kwanza ifike kwa mwenye mamlaka ya kufunga ufukwe, na huyo asisubiri kuliona wimbi ndipo aamini.