Uniti Ngapi Kutoka Kyela Hadi Tukuyu?

Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 ilipotoka Japani mwaka 2017, karatasi zake zilitaja kilomita 400 kwa chaji moja. Wamarekani walipolipima gari hilohilo kwa utaratibu wao, walipata 243. Ulaya ikaandika 270. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alipima kwa mwendo wake, ila vipimo vyote vitatu vinafanana kwa jambo moja: havina mlima. Mtu wa Tukuyu anayewaza kuagiza Leaf iliyotumika afadhali aziweke kando namba hizo na kuanza hesabu upya.

Barabara anayoitegemea inapanda kutoka Uyole hadi Isyonje, juu ya mita 2,000, inashuka Kiwira, inapita Tukuyu kwenye mita 1,500 hivi, halafu inateremka hadi Kyela, ambako ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Tuchukue kipande hicho cha mwisho, kilomita 50 hivi. Gari likiwa na watu wanne na mizigo yao lina uzito wa kama tani 1.8. Kuinyanyua tani 1.8 mita 1,000 juu kunahitaji karibu uniti 5 za umeme, uniti zilezile tunazonunua za Luku. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa wastani, kilomita 50 zingekula uniti 7. Basi kupanda kutoka Kyela ni zaidi ya uniti 12. Kushuka ni 3 au 4. Barabara ni moja, gari ni moja, dereva yuleyule, na matumizi yanapishana mara tatu au zaidi.

Anayetaka hesabu ya kichwani ashike hii: kila mita 100 anazopanda zinamlia nusu uniti, yaani kilomita tatu na nusu za tambarare.

Ushauri unaotolewa kila mahali kwa wenye magari ya umeme ni kupunguza mwendo. Kati ya Chalinze na Morogoro ni ushauri mzuri, kwa sababu nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili. Lakini panda mlima wa asilimia 5 kwa kilomita 60 kwa saa uone nani anakuvuta nyuma: uzito wa gari kwenye mwinuko unavuta mara tano ya msuguano wa matairi, na karibu mara tisa ya upepo. Hapo ukitambaa kwa kilomita 40 huokoi kitu cha maana. Jaza matairi upepo inavyotakiwa, shusha mzigo usio wa lazima, kisha panda kwa mwendo wako.

Mahali ambapo dereva anaweza kupata au kupoteza ni kwenye mteremko. Madereva wengi wa mikoa yenye milima wamezoea kuweka nyutro ili kubana mafuta. Ni hatari kwa gari lolote, na kwa la umeme ni hasara vilevile. Gari la umeme likishuka, magurudumu huizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye Leaf, ukiweka N, mota haizalishi chochote. Utakapokanyaga breki, kilichopandishwa kwa gharama kutoka Kyela kinaishia kuwa joto na ile harufu ya breki zinazoungua. Badala ya N, weka gia kwenye B. Gari litajizuia lenyewe, na kwenye dashibodi utaona alama ya umeme ikihama upande wa matumizi kwenda upande wa kuchaji.

Sasa linakuja jambo linalowashangaza wageni wa magari haya. Ukilaza gari Tukuyu kwenye soketi ya kawaida, volti 230 na ampea 10, linapata uniti 2 na ushee kwa saa, hivyo asubuhi uniti 20 zimeingia. Ukilijaza hadi asilimia 100 kisha ukashika njia ya Kyela, betri haina pa kuweka umeme wa mteremko, kama ndoo iliyojaa pomoni. Gari linapunguza kujizuia, na kazi yote inarudi kwa breki za kawaida. Anayeshuka aishie asilimia 85 au 90. Anayelala Kyela ndiye ajaze mpaka mwisho. (Na aliye kwenye kundi la umeme nafuu la uniti 75 kwa mwezi asahau nafuu hiyo: kujaza mara mbili tu kunamtoa.)

Baridi ya Juni na Julai nayo inakula, ingawa si sana kama watu wanavyodhani. Mlaji ni hita, maana mota ya umeme haina joto la bure kama injini. Watu wa Isyonje wanajua kuvaa makoti. Wavae hata ndani ya gari, na hita waiwashe ukungu ukitanda kwenye kioo.

Kwa Leaf iliyotumika, kabla ya kulipa tazama vijiti 12 vidogo pembeni mwa alama ya chaji. Kikipotea kimoja tu, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake.

Mlima pia unaweza kulipa, ikiwa mzigo unashuka: karibu na Biel, Uswisi, kuna lori la machimbo la umeme lenye betri ya uniti 600. Likiwa tupu lina tani 45. Linapanda tupu, linashuka na tani 65 za mawe ya kiwanda cha saruji, na mteremko ule unalirudishia sehemu kubwa sana ya umeme wake. Kwenye barabara yetu ya Tukuyu mambo yamepinduka: mchele na kakao ya Kyela vinapanda, na ndizi za Tukuyu lazima zivuke Isyonje kabla ya kuiona Uyole. Mzigo mzito unaoshuka barabara hii ni wa matangi ya mafuta yaendayo Malawi kupitia Kasumulu. Yanapanda kidogo hadi Isyonje, yanateremka zaidi ya mita 1,500 yakiwa yamejaa, kisha yanarudi matupu. Kwa hesabu za fizikia, gari la kwanza kustahili betri hapa ni lori la kubebea dizeli.