Swali Linaloulizwa Kila Paa

Njooni karibu, wapwa zangu. Mmoja wenu ameuliza: "Mjomba, mbona nyumba nyingi za Newala zina mfereji wa bati chini ya paa na kisima cha saruji uani?" Hongera! Hayo ndiyo macho ya msanifu majengo.

Tuliache paa lijieleze.

"Mimi ni paa la Newala," linasema. "Niko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, bonde la Ruvuma linaonekana kule chini. Mvua ninaipata, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Lakini mchanga wa hapa hunywa maji upesi, yakazama mbali. Chemchemi ziko chini bondeni. Akina bibi waliteremka genge na kulipanda tena, mtungi kichwani. Ndiyo maana kila anayejenga huniuliza: mvua ikinyesha, maji yaende wapi?"

Na wewe ulijibuje, paa?

"Nilipokuwa la nyasi, nilijibu kidogo tu. Vyungu vilipangwa chini yangu, nikavidondoshea. Yalipokuja mabati, nikapata jibu kubwa: mfereji, bomba, kisima kilichosakafiwa, na juu yake mfuniko wa kupitisha ndoo. Mvua ya kwanza bomba hugeuzwa kando. Maji yale huniosha vumbi na majani ya mikorosho. Yanayofuata ndiyo ya kunywa, yakichemshwa."

"Mjomba, na wasanifu wa mjini wanaulizwa swali hilo?"

Wanaulizwa, tena sana! Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika nchini mwetu, alichora Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa 1975. Tafuteni picha yake. Paa lile ni kama miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa na upepo. Mvua inakusanyika katikati. Hakulazimika kuiga Newala. Achoraye paa chini ya mvua za kwetu, swali humfuata: maji yaende wapi?

Masasi, kule chini kwenye milima ya mawe, chemchemi ya Mbwinji inalisha mabomba. Hapo swali hupoa kidogo, na fundi aweza kuanza na sebule. Newala haiko hivyo. Mkikua mkawa wasanifu, wapwa zangu, mkipewa kiwanja Newala, choreni kisima kwanza, kisha paa la kukijaza. Vyumba vitapata nafasi.