Jeraha la Kichwa Halisemi Siku ya Kwanza

Tuchukue mfano wa kijana wa Mbagala aliyegongwa na daladala, akapigiza kichwa barabarani. Amelazwa wiki mbili MOI, Muhimbili; sasa yuko nyumbani, anatembea, anacheka na wageni. Ndipo anapobisha hodi mwenye gari, kafuatana na wazee wawili wa mtaa na bahasha ya fedha. "Tuyamalize kiundugu." Karatasi iko tayari, imebaki saini.

Asitie. Ubongo ulioumia huchelewa kutoa habari zake. Baada ya miezi michache huenda akasahau njia ya kwenda kazini, akawakaripia watoto bila sababu, au kifafa kikamwangusha sokoni. Mkewe atasema, "Huyu si yule aliyenioa," na majirani wataanza kutafuta mchawi. Bahasha ilikwisha zamani. Saini ndiyo ngao ya kwanza atakayoinua wakili wa upande wa pili. Undugu ni jambo jema, lakini undugu wa haraka namna hii mara nyingi humfaa mwenye gari.

Sheria imempa miaka 3 ya kufungua shauri la madhara. Iwapo akili haimruhusu kuliendesha, ndugu yake aweza kulifungua kwa niaba yake. Bima ya kulinda watu wengine barabarani ni ya lazima kwa kila gari, hivyo madai hufika kwenye kampuni ya bima. Wengi humalizana nayo mezani. Waendao mahakamani hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Kote huko huulizwa karatasi: fomu ya polisi PF3, picha za kichwa, taarifa ya daktari kuhusu ulemavu, hati ya mshahara. Gharama za dawa na nauli hudaiwa kwa risiti. Maumivu hakimu huyakadiria mwenyewe.

Aliyeumia kazini, tuseme katika kiwanda cha Chang'ombe, ana mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015. Hapo halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri, lakini asizembee yeye: dai lifike ndani ya miezi 12.

Na shahidi mkubwa kuliko wote ni mke. Anunue daftari la shule, aandike kwa tarehe: lini mumewe alianguka, lini aliacha jiko likiwaka, lini alimwita mwanawe kwa jina la marehemu babu.